Ben Folds: Piano Nje ya Bendi
Bendi ya Marekani ya Ben Folds Five, ambayo licha ya jina lake ilikuwa na wanamuziki watatu tu, piano ikishika nafasi ya gitaa la solo, ilipovunjika mwaka 2000, Ben Folds alijitegemea kwa albamu ya Rockin' the Suburbs, iliyotoka tarehe 11 Septemba 2001, ambamo karibu ala zote alizipiga mwenyewe. Ujasiri wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ulidhihirika mwaka 2014 jijini Nashville, ilipopigwa kwa mara ya kwanza konsheto yake, yaani utungo mrefu ambamo piano hujibizana na okestra nzima, kazi ambayo watunzi wachache sana wa roki wamethubutu kuikabili.