Boliti ngumu haijazwi kwa moto

Mkulima wa Dadamu aliniletea boliti moja na nusu. Ile nzima imelika shingo na nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ya pili ilikatika, mkia ukabaki ndani ya plau. "Fundi, nijazie hapa palipolika, nikamalize kulima kabla udongo haujakauka." Nilikataa. Kutoka Arua hadi Koboko mafundi wengi wangekubali, tena kwa nia njema, kwa hiyo naona nina deni la kueleza.

Pangusa matope kichwani mwa boliti usome. Ikiwa 10.9, zidisha namba ya kwanza kwa 100: haikatiki mpaka ivutwe kwa nyutoni 1000 hivi kwa kila milimita mraba. Za inchi huwa na mistari. Mitatu ni ya kati, sita ni ngumu zaidi.

Nguvu hiyo ilitokana na moto wa kiwandani. Boliti ilipashwa ikawa nyekundu, ikazimwa ghafla, kisha ikapashwa tena, digrii 425 au zaidi, ili isivunjike kama kioo. Moto wa kuchomelea unayeyusha chuma kwenye digrii 1500 hivi, na kazi yote ile inafutika. Kando ya mshono chuma kinapoa haraka, kinakuwa kikavu na rahisi kupasuka. Mbele kidogo kinalainika. Kijiti cha kawaida cha 6013 nacho hakifikii hata nusu ya nguvu ya 10.9. Tena kinaingiza hidrojeni ndani ya chuma, hasa kikipata unyevu, na ufa unaweza kuja saa nyingi baadaye, fundi ameshalala.

Lakini shingo ililika kwa nini? Hilo ndilo wengi hawaulizi. Boliti si pini. Ikikazwa hurefuka kidogo sana, na mvutano huo ndio unaobana vyuma viwili visisogee. Shingo iliyolika inakuambia kwamba nati ililegea muda mrefu, plau ikawa inacheza juu ya boliti.

Tulikwenda kuitazama plau yenyewe. Matundu ya masikio yake yalikuwa yamepanuka umbo la yai. Masikio hayo ni chuma laini, tupa inayang'ata kwa urahisi, na hapo kuchomelea ni halali: jaza, sawazisha, toboa upya kwa kipimo. Boliti ni ya kununua, kwa namba ileile ya nguvu na nyuzi zilezile. Nati ya nusu inchi usiilazimishe kwenye boliti ya milimita 12. Itashika meno machache tu, siku ya kazi itachomoka.

Ule mkia uliobaki ndani ndio niliouchomelea. Niliweka nati juu yake nikajaza katikati. Moto uliupanua, ulipopoa ukanywea, kutu ikaachia, nao ukatoka kwa spana, polepole.