Karama Mbele ya Baraza

Katika silaha ambazo mwandishi aweza kuzishika mbele ya dola yenye nguvu, kejeli na istiara ndizo zishikanazo udugu kuliko zote. Kwani ya kwanza huikuza aibu hata kila jicho liione, na ya pili huihamishia aibu hiyo nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, ili msomaji aihukumu kwa insafu kabla hajatambua kuwa ni ya kwao. Wako wadhanio kwamba istiara ni maficho tu ya mtu mwenye hofu. Dhana hiyo naiona pungufu, na shahidi wangu ni Kusadikika, kitabu alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1951, Tanganyika ikiwa ingali chini ya Waingereza, na yeye mwenyewe mtumishi wa serikali yao.

Kusadikika ni nchi iliyo hewani. Humo mtu aitwaye Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Naye, badala ya kujitetea kwa hoja kavu, asimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao nchi yao wenyewe iliwatuma pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakatafute mambo ya manufaa, nao waliporejea na nasaha wakalipwa kifungo. Karama hazui lawama yoyote. Aikumbusha dola matendo yake yenyewe, na baraza lililokutana kumhukumu likawa ndilo lihukumiwalo. Wala waziri hana haja ya kusimangwa, maana kila atajwapo kwa heshima zote za cheo chake, jina lake lamshuhudia, na hapo ndipo kejeli ikaapo ndani ya istiara bila kupaza sauti. Afisa ambaye angalitaka kukipiga marufuku kitabu hicho angalilazimika kwanza kukiri kwamba ameiona sura yake katika Majivuno, na kukiri huko kungalimdhuru kuliko kitabu chenyewe.

Yafaa kuangalia pia kwamba kesi hiyo haiishi kwa maangamizi: Karama aachiliwa huru, na wajumbe watolewa gerezani. Shaaban Robert alitaka islahi, na kwa ajili hiyo aliiachia dola ya Kusadikika mlango wa kutubia. Kejeli isiyo na kipimo cha adili nyuma yake ni matusi, na mtawala huyazoea matusi upesi sana.

Kinyume cha Shaaban Robert, Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alianza kwa njia ya wazi. Mwaka 1968 aliandika waraka wa Kenya: Twendapi?, akauliza bila fumbo, akafungwa tangu 1969 hadi 1972. Gerezani, akiandika kwa siri katika karatasi za chooni, alitunga miongoni mwa mashairi yake moja liitwalo “Mamba”, la mnyama wa mtoni ajivuniaye nguvu zake na kudhani mauti hayatamfikia; hakutaja mtu, na hakukuwa na haja ya kumtaja. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.