Kigeuzi cha Sauti kwa Rezista 25

Wimbo uliomo ndani ya kompyuta bado si sauti. Ni namba tu: kwenye CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, kila upande wa stereo una namba 44,100 kwa sekunde moja. Spika haijui namba. Inataka umeme unaopanda na kushuka. Kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme huo mafundi hukiita DAC, yaani kigeuzi. Anayependa kuchezea saketi anaweza kujijengea chake, na ushauri wangu ni kwamba cha kwanza asinunue chipu. Ajenge ngazi.

Ngazi ni mtandao wa rezista za vipimo viwili, kimoja maradufu ya kingine. Kwa namba za biti 8, yaani tarakimu 8 za 0 au 1, zinatosha rezista 25 za kilo-omu 10: 7 hutumika mojamoja, 18 huungwa mbilimbili ziwe kilo-omu 20. Namba zitoke kwenye pini 8 za Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu. Miaka ya 1980 kampuni ya Covox ya Marekani iliuza kifaa cha namna hii cha kuchomeka kwenye tundu la printa, na kwa kuwa ndani hamkuwa na siri, wengi walijitengenezea nakala.

Chukulia mawe ya mizani ya muuza duka: kilo, nusu, robo, nusu robo. Kila biti ni jiwe. Ikiwa 1 jiwe linawekwa, ikiwa 0 linaondolewa. Kwa umeme wa volti 5, jiwe kubwa ni volti 2.5, linalofuata 1.25, hadi dogo kabisa la milivolti 20 hivi. Ugumu wote uko hapo. Jiwe kubwa likikosea kwa asilimia 1 tu, umepotoka milivolti 25, zaidi ya jiwe dogo zima. Tena kosa hilo hujitokeza mahali pabaya: muziki wa taratibu huchezea katikati ya kipimo, pale namba inapotoka 127 kwenda 128, mawe 7 yakiondolewa kwa mpigo na lile kubwa kuwekwa. Ndiyo maana ngazi mbovu hukwaruza zaidi sauti inapokuwa ndogo.

Basi nunua rezista za ziada, zipime kwa mita, na zinazolingana zaidi uziweke upande wa biti kubwa. Usishawishike kutumia za omu mia chache, kwa sababu pini za Arduino zina ukinzani wake wa makumi ya omu, nao utaingia kwenye hesabu. Sauti ipitishe kwenye kapasita, maana hata wimbo ukiwa kimya ngazi hubaki na volti 2.5 ambazo amplifaya haizihitaji. Utasikia mvumo nyuma ya muziki. Usitafute ubovu: kila biti huongeza desibeli 6 hivi kati ya muziki na mvumo, na biti 8 haziwezi kuzidi 50 hivi.

Kwenda biti 16 kwa njia hii ni kujitesa. Jiwe kubwa lingekuwa mara 32,768 ya dogo, hivyo kosa lake lisifike hata asilimia 0.003, ilhali rezista za kawaida dukani ni za asilimia 1 au 5. Wapo wanaoijaribu kwa rezista za bei kali; mimi sioni faida.

Hapo sasa nunua chipu. PCM5102A ya Texas Instruments huuzwa ikiwa imeshalehemiwa kwenye bodi ndogo, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huilisha namba kwa waya tatu: pini 12 ni saa ya biti, 35 hutenganisha kushoto na kulia, 40 hubeba namba zenyewe. Ikikaa kimya, kabla ya kuilaani angalia pini ya XSMT, kwani isipopewa umeme chipu hujinyamazisha. Ikivuma, shuku chaja kwanza. Na usichomeke hedfoni moja kwa moja: chipu hii inataka mzigo usiopungua kilo-omu 1, na hedfoni nyingi ni za omu 32 hivi. Ipeleke kwenye amplifaya.