Kitabu cha mazimwi ni nini, na kinatuhusu nini sisi wa nyanda za kati?

Msikilizaji, vijana kadhaa wametuandikia kuhusu mchezo wanaouona kwenye video za simu. Watu wanne au watano wamekaa mezani. Hakuna karata wala bao. Mmoja anasimulia, wengine wanarusha dadu, mara wanashangilia kwamba zimwi limekufa. Pembeni kuna kitabu kinene chenye picha za viumbe vya kutisha. Vijana wanauliza: mchezo gani huo? Wazazi wao wanauliza swali jingine: je, huo si uchawi?

Jibu fupi ni hapana, si uchawi. Ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi kwa pamoja. Lakini swali la wazazi tunalichukulia kwa uzito, kwa sababu katika nchi yetu zimwi halikuishia kwenye hadithi za jioni. Watu wamekufa kwa ajili yake. Tuanze na mchezo wenyewe, kisha turudi nyumbani.

Mchezo unachezwaje?

Ulio maarufu kuliko yote unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974, na walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji umeme wala bando. Mtu mmoja anakuwa mwongozaji, ndiye msimuliaji. Wengine kila mmoja anachukua mhusika wake: huyu mpiganaji wa upanga, yule mponyaji, mwingine mwizi mwerevu. Mwongozaji anasema, "Mmefika mlangoni mwa pango, ndani mnasikia kitu kinapumua." Wachezaji wanaamua: tuingie, tuwashe moto au tukimbie? Panapokuwa na jambo la bahati, kwa mfano kama mkuki umempata adui au umepita pembeni, dadu ndiyo inayoamua. Dadu inayotumika sana ina pande 20.

Sasa, mwongozaji anahitaji maadui. Hapo ndipo kinapoingia kitabu cha mazimwi. Kile kilichoanza kupata sifa kubwa kiliitwa Monster Manual, cha mwaka 1977, kikiwa na viumbe zaidi ya 350. Gygax aliviokota kila mahali: hadithi za Wagiriki, za Ulaya, za India, na hata majini ya hadithi za Kiarabu, ndugu wa yale yanayosimuliwa pwani yetu.

Kila kiumbe kimeandikiwa taarifa zake: kinaishi wapi, kinatembea peke yake au kwa kundi, kina mbio kiasi gani, kinastahimili mapigo mangapi na kinashindwaje. Tuchukue mfano wa troll. Ukimkata, kidonda chake kinajifunga chenyewe, na asipochomwa kwa moto au tindikali atainuka tena. Mwingine anaitwa gnoll: mwili wa mtu, sura ya fisi. Huyo hutembea kwa makundi, na makaoni kwake anaweza kuwa na fisi wa kulinda. Bila shaka baadhi yenu mnaosoma hapa Dodoma mmeshakumbuka habari za fisi wa mtu.

Tofauti yao ni hii. Gnoll yumo kitabuni, kila mchezaji anajua kwamba ametungwa, na mchezo ukiisha kitabu kinafungwa naye anabaki humo. Hakuna anayeinuka mezani akasema jirani yake ndiye gnoll.

Marekani nako waliogopa

Wazazi wa kwetu si wa kwanza kuuliza. Miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na wahubiri wa Marekani walidai kwamba mchezo huu unawafundisha watoto kuabudu shetani. Kelele zilikuwa kubwa, na toleo la pili la mchezo, la mwaka 1989, likayaondoa majina ya mashetani na mapepo vitabuni. Miaka ilivyopita hofu ilipoa. Ilionekana kwamba waliokuwa wakicheza walikuwa wakisimuliana hadithi na kujumlisha namba za dadu.

Nunda na dalili zake

Sisi pia tuna mazimwi yaliyoandikwa, na yaliandikwa zamani kuliko hayo ya Gygax. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Humo yumo Nunda, mla watu.

Kwa ufupi ni hivi. Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakalalamika, sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake. Paka akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, kisha akaanza kula watu, na sultani bado hakujali. Siku alipokula watoto wa sultani mwenyewe, ndipo sultani alipokubali kwamba huyo si paka tena, ni nunda.

Mtoto mdogo wa sultani akaondoka kwenda kumtafuta. Lakini hakujua nunda anafananaje. Akaua mbwa, akamleta kwa mama yake, akaambiwa siye. Akaua punda milia, siye. Twiga, siye. Kifaru, siye. Hata tembo, siye. Mwisho alimpata kwa kufuata dalili alizoambiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka, mkia mnene. Alimkuta amelala, akazikagua dalili moja moja, ndipo akampiga.

Ukiitazama vizuri, ile orodha ya dalili ni sawa na ukurasa wa kitabu cha mazimwi. Hadithi inatuachia na jambo jingine: kabla hajajua anachokitafuta, kijana yule aliua wanyama wengi wasio na kosa.

Zimwi linapotoka hadithini

Mkoa jirani wa Singida una kumbukumbu nzito. Katikati ya miaka ya 1940, kwenye maeneo ya Wanyaturu, watu walikutwa wameuawa miili ikiwa na alama za kucha. Habari zikasambaa za watu-simba, kwamba kuna binadamu wanaovaa ngozi na kuua kama simba, au wanaotumwa na wachawi. Simba wa kweli nao walikuwepo porini, hivyo kila maiti ilizua maswali mawili: ni mnyama au ni mtu? Serikali ya kikoloni iliwashtaki watu kwa mauaji na mahakama ikawahukumu. Lakini kwa mwananchi wa kawaida jeraha lilikuwa jingine: hakujua tena amwogope nani, simba wa porini au mtu anayechota naye maji.

Mwaka 1995 ikawa zamu ya visiwani. Hofu ya popobawa ilianzia Pemba ikafika Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiwasha moto, wakilindana. Jina lake linatokana na popo na bawa, lakini umbo lake halikuwa na uhakika, kila mtu alimsimulia kivyake. Katika hofu hiyo, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, akauawa na umati. Kama vile yule twiga wa kwenye hadithi, hakuwa yeye.

Kuna pia dalili za uongo, nazo ni hatari kuliko kukosa dalili kabisa. Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa madai kwamba macho mekundu ni alama ya mchawi. Macho ya bibi yanakuwa mekundu kwa sababu amepika jikoni penye moshi maisha yake yote, kwa kuni na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani za namna hiyo hiyo. Aliyesema rangi ya ngozi au macho ni alama ya zimwi alitunga ukurasa wa uongo, na watu wakautumia kuua. Mbele ya sheria hayo ni mauaji kama mauaji mengine.

Tufanye nini na mazimwi yetu?

Wapo wanaosema dawa ni kuacha kabisa kusimulia hadithi za mazimwi. Sisi hatuoni hivyo. Tukiziacha hadithi, hofu haitaondoka, itabaki bila hadithi. Mtoto aliyesikia habari za zimwi akiwa karibu na bibi yake anajifunza mapema kwamba kuna paukwa na kuna pakawa, kwamba hadithi ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi tunaongeza: zimwi unalolijua vizuri hutalibandika kwa jirani.

Nje wameshaanza kuyaandika ya Afrika. Mwaka 2002 kilichapishwa Marekani kitabu cha mchezo kiitwacho Nyambe, na mwaka 2013 kikafuata Spears of the Dawn, vyote vikitumia viumbe na ngano za bara letu. Ni jambo jema, lakini zimwi la Kigogo, la Kirangi, la Kinyaturu au la Kisandawe anayelijua vizuri ni mzee aliye kijijini kwako sasa hivi, na mzee huyo hatakuwepo siku zote.

Kwa hiyo kijana mwenye simu, kazi ni hii. Mwombe babu au bibi ruhusa, umrekodi akisimulia. Kisha andika ukurasa wa zimwi lake kama vitabu vile vinavyofanya: jina lake kwa lugha ya kwenu, linakaa wapi, linakula nini, nguvu zake, udhaifu wake, na nani alilishinda kwa njia gani. Chini andika nani amesimulia, kijiji gani na mwaka gani.

Zingatia kanuni mbili. Ya kwanza, usiandike jina la mtu aliye hai kwamba ndiye zimwi, hata kwa utani. Ya pili, zimwi lako lisipewe alama ambayo binadamu anaweza kuwa nayo: macho mekundu, uzee, kilema, rangi ya ngozi. Lipe mkia, lipe jicho moja kisogoni, lipe mdomo tumboni. Lifanye liwe zimwi kweli.

Mkishapata kurasa tano au sita, mnaweza kucheza. Dadu ya pande 20 si lazima: andikeni namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, mviweke kwenye kibuyu, mtu achote kimoja na kukirudisha. Mmoja asimulie, wengine waamue.

Tutumieni sauti hizo na kurasa hizo. Zile ambazo wazee wameridhia zisikike, tutazisoma hewani kwa lugha zake na kwa Kiswahili. Na ukisikia kijijini kwenu mtu ananyooshewa kidole kwamba ni mchawi au ni fisi wa mtu, usisubiri kipindi chetu. Mwone mwenyekiti wa kijiji, mtendaji au polisi siku hiyo hiyo, kabla umati haujakusanyika.