Utangulizi: Hewa ya Bandani

Nenda bandani saa tatu usiku, kuku wakishatulia kwenye fito zao, wala usiwashe tochi. Simama kimya dakika tano. Kuku wazima usiku hawana maneno. Utasikia bawa likijipanga, au mmoja akimsukuma mwenzake, basi. Lakini ukisikia mkoromo mdogo, kama uji unaotokota chini ya mfuniko, au chafya kavu zinazofuatana, umeshaanza kusoma somo la kitabu hiki. Nakukaribisha uendelee.

Anayefuga kuku kumi na watano uani akiisikia sauti hiyo huuliza, "Niwape dawa gani?" Swali hilo nimeulizwa sokoni, msibani na kwenye simu kabla ya alfajiri, na siku zote nimelipokea kama swali la mtu mwenye uchungu na mifugo yake. Ombi langu ni kwamba litanguliwe na jingine: wanavuta hewa gani? Mdondo, mafua ya kuku na mikoplasma ni maradhi ya kweli, na kila moja lina sura yake humu. Ila mikoplasma inaweza kukaa ndani ya kuku miezi mingi bila dalili yoyote, hadi siku vumbi, baridi au hewa chafu vitakapomdhoofisha. Hapo kijidudu na banda vimeshirikiana, na ukitibu kimoja ukaacha kingine utarudi duka la dawa wiki ijayo.

Kuku hapumui kama sisi. Mapafu yake hayatanuki; yameshikamana na mbavu, na wala hana ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo la binadamu. Kazi ya kuvuta na kutoa hewa hufanywa kwa mifuko ya hewa, myembamba kama utando wa kitunguu, iliyotandaa kifuani na tumboni hadi ndani ya mifupa kadhaa. Mwaka 1774 John Hunter, daktari mpasuaji wa London, alieleza jaribio alilofanya kwa kuku: alifunga koo la hewa, akakata mfupa wa juu wa bawa, na hewa ikawa inaingia na kutoka kupitia mfupa huo. Ni jaribio la kikatili, nisingependa kulishuhudia, lakini kila mwaka nikiwasimulia wanafunzi, darasa zima hunyamaza. Wanaelewa papo hapo kwamba kinachoingia puani mwa kuku hakiishii kifuani. Na kwa kuwa mifuko hiyo ina mishipa michache ya damu, maradhi yakishakita humo, dawa inayosafiri kwa damu huyafikia kwa shida.

Sura ndefu kuliko zote nimeipa amonia. Lile doa jeupe juu ya kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki. Matandazo yakilowa, bakteria huigeuza kuwa amonia, na amonia huharibu vinyweleo visivyoonekana kwa macho ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na makamasi kwenye koo la hewa. Ufagio huo ukikatika, uchafu wote unashuka. Pua ya binadamu huanza kuinusa ikifika kama sehemu 20 katika milioni, na kuku anayekaa kwenye kiwango hicho usiku na mchana ameshaanza kuumia. Tena pua huzoea. Mfugaji anayeingia bandani mara nne kwa siku ndiye wa mwisho kujua.

Nililiona hilo Morogoro, wakati wa baridi ya Juni, kwa mama mmoja aliyekuwa na vifaranga themanini katika chumba cha nyuma ya jikoni. Alikuwa amewahifadhi kwa mapenzi yote: turubai hadi chini, magunia dirishani, jiko la mkaa katikati. Dawa alishabadilisha mara tatu. Nilipiga magoti, nikashusha uso hadi usawa wa vifaranga, na kabla sijahesabu ishirini macho yangu yalikuwa yanachuruzika. Yeye, akiwa amesimama, alisema hasikii harufu. Nikachota maranda karibu na chombo cha maji, nikayafumbata. Yalibaki donge, na kiganja kikalowa. Vifaranga wawili walikuwa wamefumba macho, wakiyasugua kwenye mabega yao.

Tulitoa maranda yaliyolowa tukatandika makavu, tukapandisha chombo cha maji juu ya kipande cha tofali, kisha tukateremsha ukingo wa turubai ubaki uwazi wa shubiri mbili chini ya paa, maana hewa ya moto yenye unyevu hupanda, nayo inataka pa kutokea. Jiko nilimsihi alitoe kabisa: kaboni monoksidi ya mkaa haina rangi wala harufu, inaua vifaranga na inaua watu. Akaazima taa ya umeme kwa jirani. Wiki iliyofuata mkoromo ulikuwa umepungua sana. Haukuisha. Sita waliendelea, na hao ndio waliohitaji kupimwa na kutibiwa.

Vyanzo vingine utavikuta mbele. Pumba za mpunga zilizovunda huota ukungu wa aspergilasi, ambao huua vifaranga wengi kwa pamoja ingawa hawaambukizani. Chakula kilichosagwa laini mno hufuka vumbi. Kikaango kisichogandisha chakula, kikisahauliwa kitupu juu ya moto mkali, hutoa mvuke unaoweza kuua ndege aliye karibu. Na joto hudanganya: kuku hatoi jasho, kwa hiyo saa nane mchana Dar es Salaam atahema mdomo wazi bila ugonjwa wowote. Msikilize tena usiku.

Ziko siku ambazo maranda yasubiri. Wakifa wengi ghafla, shingo zikapinda, kinyesi kikawa cha kijani, huenda ni mdondo. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, na waliobaki usiwauze wala kuwagawa. Kinga yake ni chanjo, na hewa safi, hata iwe ya Lushoto, haichukui nafasi ya chanjo.

Sura ya kwanza haihitaji hadubini. Inahitaji magoti, pua na kiganja, kesho alfajiri kabla hujafungua mlango wa banda, hewa ya usiku kucha ikiwa bado imo ndani.