Picha Haishoni Nguo

Polisi aliyeko Kigali hutuma mshahara nyumbani Mibirizi, wilayani Rusizi. Mkewe aweza kuona katika simu picha ya cherehani mpya, bei ndogo ajabu. Akitanguliza fedha, huenda akaletewa kikuukuu, au muuzaji asipatikane tena. Rahisi huvunja upishi.

Kabla ya kulipa, mama na aulize: Je, picha ni ya cherehani hiyo hiyo? Bei ni pamoja na usafiri? Yaweza kujaribiwa mjini Kamembe?

Sheria ya Rwanda humlinda mnunuzi. Aliyedanganywa ahifadhi ujumbe na picha, apeleke kwa wapelelezi wa RIB. Lakini kinga ni bora: fedha zifuate mali, zisiitangulie.