KITI CHA PIKIPIKI: SIYO KILA LAINI NI RAHA



Hapa kwetu Kivu watu wengi wanaishi juu ya pikipiki. Kuna walimu wanaotoka mbali kila asubuhi. Kuna wauguzi wanaopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya milimani. Na kuna wale vijana wa taksi-moto. Wengine ni kaka zetu kabisa, na ni jasho lao linalotulipia masomo. Hao wanakaa juu ya kiti kimoja tangu asubuhi mpaka jioni. Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaobebwa nyuma dakika kumi tu hatuoni taabu, lakini wao wanarudi nyumbani na hawataki hata kuona kiti cha mezani. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza namna mtu anavyoweza kutengeneza kiti cha pikipiki yake nyumbani, bila mashine kubwa.

Uchungu unatoka wapi?

Mtu akikaa, uzito wake haulali sawasawa juu ya nyama yote. Unalala zaidi juu ya mifupa miwili iliyo chini ya matako. Kaa kwenye banki ya darasa, weka mikono chini yako, utaisikia mara moja. Pale mifupa inapofinya, damu inapita kwa shida. Kwanza mtu anasikia ganzi, kisha uchungu.

Tukumbuke somo la fizike: mkandamizo ni nguvu gawanya kwa eneo. Tuseme kiti kinabeba uzito wa newton 700. Kama uzito huo unalala juu ya santimetre za mraba 100, kila santimetre inabeba newton 7. Tukiutandaza juu ya santimetre za mraba 400, kila moja inabeba newton 1.75 tu. Mtu ni yule yule, uzito ni ule ule, lakini mkandamizo umeshuka mara nne. Basi kazi yetu yote ni hii: kutandaza uzito.

Kumbe dawa siyo ulaini! Wengi wanakata kipande cha godoro na kukiweka juu ya kiti. Siku ya kwanza mtu anacheka. Lakini musi ya godoro jepesi inafinyika mpaka mwisho, na mifupa inagusa tena ubao mgumu wa chini. Wengine wanafunga mto kwa kamba. Hiyo ni hatari: mtu akikamata freni kwa ghafula, mto unateleza pamoja naye.

Musi yenyewe ni kitu gani?

Musi ya kiti ni aina ya plastiki inayoitwa poliuretani. Njia yake ilifunguliwa na Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Ni kama povu lililoganda: ndani yake mna vijumba vingi vya hewa. Ikizeeka, kuta za vijumba hivyo zinavunjika na musi hairudi tena juu. Ndiyo maana kiti cha zamani kinakuwa na shimo pale mwenyewe anapokaa kila siku.

Kabla ya kugusa kiti, pima kwanza upepo wa magurudumu na uangalie amortisere. Kama amortisere zimekufa, hakuna kiti kitakachokuponya.

Namna ya kufanya

1. Fungua kiti kwa kle na ukigeuze. Chini yake utaona agrafu, ile misumari midogo inayoshika simili. Zing'oe polepole kwa turnevisi ndogo. Usipasue simili, utaihitaji tena.

2. Kama musi imelowa maji, iache ikauke kivulini siku kadhaa. Usifunike musi yenye maji.

3. Kaa juu yake, umwambie mwenzako aweke alama pale mifupa inapofinya na pale ukingo unapokata mapaja.

4. Angalia mteremko. Viti vingi vimeinama kwa mbele, na mtu anasukumwa juu ya tanki ya esanse. Anayeshuka milima ya Ngomo kuelekea Kamanyola anajua vizuri tunasema nini! Punguza musi pale nyuma ilipoinuka, mpaka pa kukalia pawe karibu sawa. Tumia kisu kirefu cha mkate, ukate kidogo kidogo. Kilichokatwa hakirudi.

5. Jaza shimo kwa musi ngumu. Namna ya kuipima: ifinye kwa kidole gumba. Kama kidole kinafika chini bila nguvu, hiyo siyo. Pakaa kola pande zote mbili, ngojea mpaka isishike kidole, kisha bandika. Juu yake weka musi laini nyembamba, santimetre 1 inatosha. Ngumu chini, laini juu: hiyo ndiyo siri yote.

6. Viringisha kingo zinazogusa mapaja. Nyuma paachwe papana, mbele pawe pembamba ili miguu ifike chini. Usipandishe kiti sana. Mwenye pikipiki asiyefikisha miguu chini ataanguka siku moja akisimama penye mteremko, tena na mtu nyuma yake.

7. Kabla ya kufunika, rudisha kiti mahali pake na ukae dakika 20, pikipiki ikiwa imesimama. Mwenzako aangalie kama mgongo umenyooka. Kama bado kuna pahali panafinya, rekebisha sasa, siyo kesho.

8. Tandika plastiki nyembamba juu ya musi ili mvua isiingie kwa matundu ya mshono. Vuta simili kuanzia mbele na nyuma, kisha pande mbili, na uipige agrafu. Kama ubao wa chini ni wa plastiki, chagua agrafu fupi zisizotokeza upande wa pili. Mwisho funga kiti, ukitikise kwa nguvu. Kisicheze hata kidogo.

Mambo mawili ya kuangalia sana

Kwanza, harufu ya kola inashika moto upesi. Fanya kazi nje, mbali na sigara na mbabula. Pili, mabaki ya musi yasitumiwe kuwashia makaa. Tunajua mama na dada zetu wanatafuta kila kitu cha kuwashia, lakini moshi wa musi hiyo una sumu kali, na jikoni mwenye kufungwa unaweza kuua. Yatupe shimoni.

Tusidanganyane: hata kiti kizuri hakiondoi haja ya kupumzika. Kila saa moja shuka, nyoosha miguu, damu ipite. Na mtu anayesikia ganzi ya miguu isiyoisha hata akiwa kitandani, huyo asilaumu kiti. Aende kwa muganga wa hospitali.

Tunaomba kila mwanafunzi mwenye kaka, baba au mjomba wa pikipiki ampelekee ukurasa huu na amsaidie siku moja ya mapumziko. Wao wanatubeba kila siku. Siyo vigumu na sisi kushika kisu na kola kwa ajili yao.

Wanafunzi wa kikundi cha ufundi